Kigari cha Mtoto Kinachofaa Njia Zetu: Somo kwa Mzazi Kabla ya Kununua

Mzazi anayepanga kununua kigari cha mtoto, ambacho wauzaji wengi hukiita strola, huanza kwa kuuliza bei, kisha rangi. Katika Kaunti ya Kilifi swali la kwanza lingefaa kuwa jingine: kutoka mlangoni pako hadi steji ya matatu kuna nini? Anayeishi katikati ya mji wa Malindi atasukuma juu ya lami na kabro. Aliye pembeni mwa mji, au kijijini Magarini na Ganze, atakutana na mchanga mwepesi, mizizi ya mikorosho, mtaro uliochimbwa na maji ya mvua na bodaboda inayopita kando yake kwa kasi. Kigari ni kilekile. Kwa mzazi wa kwanza ni msaada wa kila siku, kwa wa pili ni chombo kitakachotundikwa ukutani baada ya wiki mbili.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, tembea njia yako ukiwa na mtoto mgongoni na uihesabu. Hatua ngapi ni lami, ngapi ni mchanga, ngapi ni ngazi? Ikiwa zaidi ya nusu ni mchanga mzito, leso imara bado ni chombo bora kuliko kigari chochote cha dukani, na hakuna haja ya mtu kuona haya kwa hilo. Mbeleko imewalea watoto wa pwani hii kwa vizazi vingi na haihitaji tairi. Wataalamu wa afya wanasisitiza jambo moja tu: uso wa mtoto uonekane wakati wote, pua na mdomo visizibwe na nguo, na kidevu kisibanwe kifuani, kwa sababu mtoto mchanga hana nguvu ya kuinua kichwa akikosa hewa.

Wale ambao njia yao inaruhusu, na wale wanaosafiri mara kwa mara kwenda Mombasa, Nairobi au Lamu, waendelee na somo.

Vigari vya aina mbili

Vigari vya watoto vina historia ndefu. Mwaka 1733, huko Uingereza, mbunifu William Kent alitengeneza kigari kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, na kilikusudiwa kuvutwa na mnyama mdogo. Kwa zaidi ya karne mbili baadaye vigari vilibaki vizito, vya watu wenye nyumba kubwa na njia za mawe zilizosawazishwa. Mabadiliko yaliletwa na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyekuwa ameshiriki kubuni miguu ya magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire. Binti yake alipokuja kumtembelea kutoka Moscow na mtoto, Maclaren aliona taabu aliyoipata na kigari kizito safarini. Mwaka 1965 alibuni cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, chenye uzito wa chini ya kilo 3.

Historia hiyo ingali dukani hadi leo. Upande mmoja kuna vigari vizito vyenye kitanda, kivuli kikubwa na magurudumu mapana. Upande wa pili kuna vile vya mwavuli, vyepesi, vyenye magurudumu madogo ya plastiki. Katikati kuna vigari vinavyoelezwa kuwa vinafaa kwa kazi zote. Vingine vinafaa kweli. Vingine vimechukua uzito wa aina ya kwanza na magurudumu ya aina ya pili, na hivyo ndivyo vya kuepuka.

Umri wa mtoto

Kabla ya magurudumu, tazama kiti. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hajaweza kukaa mwenyewe. Akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, mgongo wake hujikunja, kichwa huanguka mbele na njia ya hewa hubanwa. Kwa mtoto wa umri huo nunua kigari ambacho kiti chake kinalala hadi karibu tambarare, au usinunue kwanza. Vile vya mwavuli vya bei nafuu mara nyingi havilali kabisa. Vinafaa mtoto anayekaa vizuri bila kushikwa, jambo ambalo kwa wengi huja kati ya miezi 6 na 9.

Mkanda nao ni sharti. Unaofaa una ncha tano: mbili za mabegani, mbili za kiunoni na moja ya katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni pekee humwacha mtoto mchangamfu ateleze chini au asimame kigari kikiwa mwendoni. Na mtoto akilala kwenye kigari, mtazame. Ukifika nyumbani mhamishe kwenye kitanda tambarare.

Magurudumu, mchanga na kutu

Gurudumu dogo huzama. Hii si siri, lakini dukani sakafu ni ya vigae na kila kigari huteleza kama samaki. Omba kukitoa nje. Magurudumu ya nyuma yenye kipenyo cha sentimita 25 au zaidi hupita juu ya mchanga mwepesi na kokoto. Yale madogo ya plastiki yaliyopangwa mawilimawili hukwama na kubeba mchanga ndani ya ekseli. Ikiwa gurudumu la mbele linazunguka pande zote, hakikisha lina kitufe cha kulifunga lielekee mbele tu, maana mchangani gurudumu linalozungukazunguka hugeuka ubavu na kukisimamisha kigari ghafla.

Wazazi wa Watamu na Mambrui wanaokwenda ufuoni huijua mbinu hii: ukifika kwenye mchanga mzito, geuka, kivute kigari kinyumenyume kwa magurudumu makubwa, ya mbele yakiwa yameinuliwa kidogo. Sukuma tena ukifika pagumu.

Tairi za upepo ni laini zaidi kwa mtoto barabarani, ila miiba ya huku haina huruma. Uzuri wake ni kwamba fundi wa baiskeli aliye karibu nawe anaweza kuziba tyubu kama anavyoziba ya baiskeli. Kabla ya kununua, tazama kama valvu yake inakubali pampu ya baiskeli. Tairi za povu gumu hazipati panchari na kwa familia nyingi za hapa ndizo za wastani na za busara.

Adui mwingine ni hewa ya chumvi. Fremu ya chuma iliyopakwa rangi huanza kutu kwenye misumari na bawaba ndani ya msimu mmoja, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari. Beba sumaku ndogo unapokwenda sokoni. Ikinata kwenye fremu, hicho ni chuma. Isiponata, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni alumini. Chuma si kibaya, lakini kinahitaji kuoshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya kwenda ufuoni, kukaushwa, na kutiwa mafuta mepesi ya mashine kwenye ekseli. Mafuta ya kupikia yasitumike. Yanaganda, yananasa mchanga, na baada ya mwezi gurudumu linalia kama bawaba ya mlango wa zamani.

Jaribio la unga

Safari nyingi za wakazi wetu hufanyika kwa tuktuk, kwa matatu ya abiria 14 au kwa miguu. Katika matatu hakuna nafasi ya kigari kilichofunguliwa, na makanga hatakusubiri. Mzazi anasimama kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, mtoto mkononi, begi begani, magari ya mizigo yanapita, na mkono uliobaki ni mmoja. Kigari kinachohitaji mikono miwili na goti ili kikunjike hakimfai mtu huyo, hata kiwe kizuri namna gani.

Jaribu hivi dukani. Chukua pakiti tano za unga za kilo 2, uziweke kwenye mfuko na kuukumbatia kifuani. Kilo 10 ni takriban uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Sasa kunja kigari kwa mkono uliobaki, kiinue, utembee nacho hatua ishirini. Ukishindwa, umeokoa pesa yako. Kigari cha kilo 6 au 7 kinabebeka kwa wengi. Cha kilo 12 kinahitaji msaidizi. Kisha weka ule unga kwenye kiti, ufunge breki na uache kigari kwenye mteremko kidogo. Kisisogee hata kidogo.

Unapopanda gari, mtoto hutoka kwenye kigari kwanza, kigari kikunjwe baadaye. Kigari kisiwekwe kwenye njia ya katikati ya matatu mtoto akiwa ndani. Breki zake zilitengenezwa kwa kuzuia kigari kilichosimama, hazina nguvu ya kukabili dereva anayefunga breki ghafla. Kiti cha kigari si kiti cha gari. Na kuhusu bodaboda ushauri ni mfupi: usipande na kigari, na mtoto mchanga asipande kabisa.

Kosa jingine la kila siku ni kutundika mifuko ya soko kwenye mpini. Ukimtoa mtoto kitini, uzito wa mifuko hukiangusha kigari kinyumenyume, na mara nyingine mtoto huwa bado yumo. Vitu vikae kwenye kikapu cha chini.

Joto: leso juu ya kigari si kivuli salama

Hili tulizungumzie kwa kirefu, maana hufanywa kwa mapenzi. Jua likiwa kali mzazi hutandaza leso au kitambaa juu ya kigari ili mtoto alale. Kwa macho inaonekana kivuli. Ndani yake hewa imesimama, na mtoto mdogo hawezi kuupoza mwili wake kama mtu mzima.

Gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi liliwahi kulipima jambo hili siku ya kiangazi. Ndani ya kigari kisichofunikwa joto lilikuwa nyuzi 22. Kilipofunikwa kwa kitambaa chepesi, lilipanda hadi nyuzi 34 katika nusu saa, na baada ya saa moja likafika 37. Hiyo ni Uswidi, nchi ya baridi. Kwetu wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana huwa nyuzi 30 na zaidi kabla ya kufunika chochote.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia walichapisha matokeo ya majaribio yao. Kitambaa kikavu kilipandisha joto la ndani ya kigari kwa zaidi ya nyuzi 2 kuliko nje. Kitambaa chembamba kilicholoweshwa maji, pamoja na feni ndogo ya betri, kilishusha joto kwa karibu nyuzi 5, na kitambaa hicho kililazimika kuloweshwa tena kila kilipokaribia kukauka. Mkazi wa pwani aongeze tahadhari yake hapa: hewa yetu ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole, hivyo ubaridi unaopatikana unaweza kuwa mdogo.

Kinachofaa zaidi ni kivuli cha kigari chenyewe, kirefu, kinachoshuka hadi karibu na magoti ya mtoto, chenye dirisha la wavu nyuma ili upepo upite. Kiti cha rangi nyepesi na kitambaa kinachopitisha hewa hushinda kile cheusi cha plastiki, hata kama cheusi hakionyeshi uchafu. Mwavuli wa kawaida unaoshikwa na anayesukuma pia hufanya kazi nzuri. Panga matembezi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Gusa shingo na kifua cha mtoto kila baada ya dakika chache. Akiwa moto sana, mlegevu, mwekundu au analala kupita kawaida, mtoe, mpeleke kwenye kivuli chenye upepo, mpunguzie nguo na umnyonyeshe. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji, anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Asipopata nafuu, nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Jioni neti ya mbu ni muhimu. Chagua yenye matundu, ifungwe pembeni bila kumgusa mtoto usoni, na isiwe na kamba ndefu zinazoning'inia ndani.

Kununua cha mtumba

Vigari vingi vinavyoonekana Malindi, Kilifi, Mtwapa na soko la Kongowea vimeshatumika Ulaya au kwingineko. Hakuna ubaya. Kigari kizuri cha mtumba kinaweza kuwa na fremu bora kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Lakini mnunuzi ndiye mkaguzi.

Anza na bawaba. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ililazimika kuwaita wateja wa takriban vigari milioni 1 nchini Marekani ili wapewe vifuniko vya bawaba, baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole kigari kilipofunguliwa vidole vikiwa kwenye maungio. Vigari vya zamani vya kampuni mbalimbali bado vinazunguka duniani, na kinachotoka kwenye marobota hakiji na barua ya onyo. Kifungue na kukikunja mara kumi. Tazama kama kuna pengo linaloweza kubana kidole, kama kufuli ya pili ya fremu inashika, kama kinaweza kujikunja chenyewe ukikikandamiza kwa nguvu. Kufuli ikishika mara nane na kuteleza mara mbili, kiache. Nyumbani weka desturi ya kumsogeza mtoto mbali kabla ya kugusa kigari.

Kisha angalia mikanda na vifungo vyote vitano, breki za magurudumu yote mawili ya nyuma, na nyufa kwenye plastiki iliyochomwa na jua. Kitambaa kinaoshwa. Plastiki iliyopasuka haiponi kwa gundi.

Anayenunua kipya dukani aulize risiti na atafute alama ya Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, KEBS. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, taarifa za kutosha na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 imefafanua haki hizo. Bila risiti, kudai ni vigumu.

Safarini

Kwa treni ya SGR kutoka Miritini mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kigari kikiwemo, kwa hivyo mtoto atatolewa na kigari kitakunjwa. Fika mapema. Kwa ndege kutoka Malindi, piga simu kwanza. Mashirika mengi hukubali kigari, na baadhi hukiruhusu hadi mlangoni mwa ndege, lakini kila moja lina utaratibu wake. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, hutumia kipimo cha sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kama mwongozo wa begi la kuingia nalo ndani. Kigari kinachokunjika chini ya hapo kina nafasi nzuri, ingawa ndege ndogo huwa na masharti makali zaidi.

Wanaokwenda kisiwani Lamu wakiache nyumbani. Kuna kupanda boti Mokowe, kuna ngazi za gati, kuna vichochoro vya mji wa kale ambamo punda ana haki ya njia kabla yako. Chukua leso mbili.

Kigari si kiti cha magurudumu

Wapo wazazi wanaoendelea kumsukuma mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano kwenye kigari kwa sababu hawezi kukaa au kutembea. Wanafanya walichoweza, na watu wanaowacheka njiani hawajui mzigo wao. Lakini vigari vingi vimetengenezwa kwa uzito wa hadi kilo 15 hivi, na kiti chake laini hakishikilii mgongo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mwili unaolegea upande mmoja kila siku hupinda, na kupinda huko huongezeka jinsi mtoto anavyokua.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote hukaa bila kushikwa kufikia miezi 9, na hutembea wenyewe kufikia miezi 18. Mtoto aliyepita umri huo bila kufanya hivyo apelekwe kliniki, au umweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, ili aelekezwe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti au ya Malindi. Mtoto mwenye ulemavu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mpango wa vifaa saidizi. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini, APDK, chenye karakana yake Bombolulu mjini Mombasa, kina uzoefu wa miaka mingi wa viti vya magurudumu.

Njia inayomzuia mama mwenye kigari ndiyo inayomzuia mtu wa kiti cha magurudumu: ukingo mrefu usio na mteremko, mtaro usio na kifuniko, njia ya miguu iliyogeuzwa kituo cha bodaboda. Mambo hayo yana mahali pa kusemwa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, na Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari, na kabla ya hapo maoni ya umma hupokelewa. Uliza tarehe ya kikao katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Ukifika, taja barabara kwa jina, duka au msikiti ulio karibu, na urefu wa ukingo kwa sentimita ikiwezekana. Ombi la namna hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu kama lilivyo, na mhandisi hujua pa kwenda.